Kipimajoto Kiko Dagoretti, Joto Liko Kwetu

Watu wangu, leo tuongee kuhusu hewa. Si ile ya kukariri ya shule, ati hali ya hewa ni ya muda mfupi na tabianchi ni ya muda mrefu, andika, funga kitabu. Tuongee ile inatupata kwa keja.

Moja ya vituo vinavyopima joto la Nairobi iko Dagoretti Corner, Ngong Road, kwa makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Ukitoka Kawangware unafika kwa miguu. Ukitoka Kibera pia. Yaani wale wanaotuambia kesho kutakuwaje wako katikati yetu kabisa, na sisi tunapita hapo kila siku tukikimbizana na matatu.

Kipimajoto cha kituo hakianikwi juani. Kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya pande zote, hewa ipite lakini jua lisikiguse, kimo cha kifua hivi, na chini ni nyasi. Dunia nzima wanafanya hivyo na iko na maana: Nairobi ikipimia juu ya lami na Kampala ipimie chini ya mwembe, hakuna kulinganisha. Kwa hivyo sina noma na kisanduku. Noma ni kwamba hakuna msee anaishi ndani yake.

Msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, halafu wakalinganisha na kituo cha Dagoretti. Mitaani joto lilikuwa juu kwa nyuzi kadhaa. Mathe yeyote angewaambia hivyo bila kifaa, lakini sasa imeandikwa. Na sababu unazijua: mabati yanachemka, nyumba zimebanana hadi upepo unakosa njia, miti hakuna, nyasi hakuna, na ndani ya futi kumi kwa kumi kuna jiko la maharagwe ambayo hayataki kuiva.

Dada yangu ako na mtoto wa miezi mitano. Ikifika saa nane mchana mwezi wa pili, anamtoa nje, anakaa naye kivulini kwa mama mboga hadi jua lipoe. Taarifa ikisema Nairobi ni nyuzi 28, hakuna anayeshtuka, ni siku poa tu. Hiyo 28 ni ya kisanduku. Ya kwa dada yangu hakuna mtu ameisoma popote.

Hapo ndipo zile maana mbili za darasani zinaanza kuwa na kazi. Joto la leo ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani, na wataalamu hutumia miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Wastani huo ndio unafanya wauzaji wa Toi watundike majaketi mbele ikikaribia Juni, na ndio unatuambia tungoje mvua ndefu Machi hadi Mei na fupi Oktoba hadi Desemba. Lakini wastani wa Dagoretti ni wa Dagoretti.

Sasa mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la chumba cha kumi kwa kumi ni kama mita mraba 9.3. Ikipiga milimita 50, hilo paa moja limemwaga karibu lita 465, mitungi 23 ya lita 20. Ploti ya vyumba kumi ni mitungi 230. Yote yanateremka kwa nani? Kwa yule wa chini, Silanga, karibu na Nairobi Dam.

Aprili 2024 tuliona. Mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300 nchini, na shule zilizofaa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zikafunguliwa 13 Mei. Baadaye mwanasiasa mmoja akaja kwetu na magodoro, akatuambia ni mabadiliko ya tabianchi, akaenda zake.

Maze, hapo ndio mimi huchoka. Mabadiliko ya tabianchi ni kweli. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7, na mvuke huo siku ukishuka unashuka kwa fujo. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua ya Oktoba hadi Desemba inazidi, kama 2019 na 2023. Lakini usiku mmoja wa mvua kubwa, peke yake, ni hali ya hewa. Na mtaro uliozibwa si hali ya hewa wala tabianchi. Mtaro ni bajeti. Kuna mtu alilipwa auzibue.

Kwa hivyo nimeanza kupima mwenyewe. Chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, nimekata shingo nikaigeuza iwe faneli, rula nimeibandika kando, iko juu ya paa mbali na ukuta. Kipimajoto kimoja cha bei ya chini nimetundika ndani, mbali na jiko. Keretaka ameniuliza mara mbili kama ni kamera. Binamu yangu ako Gatina, Kawangware, na chupa yake. Tunasoma saa tatu asubuhi, saa ileile ya vituo, kisha tunatumiana namba. Alhamisi yake ilikuwa na maji ya kuosha vyombo. Yangu ilikuwa na nzi mmoja, mkavu.