Kadi za mapishi, pindo na jina lake

Nimepotea wiki mbili, msinilaumu, testi zimefuatana kama siafu. Leo niwape ya chumbani kwetu. Ukiingia utadhani tumefungua steshenari: manila, mkasi, gundi, na vipande vya vitenge nilivyoomba kwa fundi cherehani. Mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama nimeacha digrii. Sijaacha jamani, natengeneza kadi za mapishi.

Sababu ni hii. Dada yangu anaolewa, anahamia Muscat mwezi wa kumi na mbili. Mama yetu alifariki 2019, na mkate wake wa kumimina akaondoka nao, hakuna aliyeuandika. Amebaki bibi kule Pangani, ambaye ndiye aliyemfundisha mama. Bibi hajui kusoma, na macho yameanza kuingia ukungu. Nikasema hapana, hii kitu lazima ikae kwenye karatasi.

Simu ya kwanza ilikuwa vichekesho.

"Shikamoo bibi. Eti sukari kiasi gani?"
"Marahaba mke mwenzangu. Sukari kiasi."
"Kiasi gani sasa bibi?"
"Kiasi chake! Na tui mpaka likubali."

Basi likizo ilipofika nikabeba kikombe cha kupimia mpaka Pangani. Kila bibi akichota kwa mkono, namwambia amimine kwenye kikombe kwanza. Alinuna, akacheka, mwisho akazoea. Si kwamba wazee hawakuwa na vipimo. Nafaka walipima kwa kibaba na pishi, vibaba 4 pishi 1. Ila ukishafika jikoni, mkono ndio uliokuwa unajua.

Haya, mkono wa bibi ulisema hivi: mchele vikombe 2 uliolala kwenye maji usiku kucha, tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, iliki, na ute wa yai 1. Unasaga mchele na tui mpaka ulainike kabisa, unatia hamira, unaacha uumuke. Sukari, iliki na ute vinaingia baadaye. Unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko.

Sasa kadi yenyewe. Manila ya A4 ikate vipande vinne sawa, kila kimoja kinakuwa kama sentimita 10.5 kwa 14.8. Urembo nimeuiba kwenye kanga. Si mnajua kanga ina pindo, mji na jina? Pindo langu ni kitenge chembamba nilichobandika kuzunguka. Mjini nimeandika mapishi. Chini, mahali pa jina, nimeweka maneno ya bibi mwenyewe: TUI MPAKA LIKUBALI. Tumieni peni ya kawaida, maana maka peni ya wino wa maji ikipata tone moja tu inalia. Juu bandika selotepu pana, mafuta ya jikoni yasipenye.

Kuna aliyeniambia si ungemtumia dada kwa WhatsApp tu. Ningeweza. Lakini meseji inazama chini ya meseji nyingine, na simu inaibiwa. Kadi iliyopambwa mtu anaona haya kuitupa. Kwa hiyo hicho kitambaa cha pembeni si mbwembwe, ndicho kinachoilinda kadi isiishie kufungia vitumbua. Na siku dada akiwa peke yake ugenini, asome lile jina, asikie sauti ya bibi kabla hata hajawasha jiko.

Nimemaliza kadi 11, bado 8. Ninyi ambao mama na bibi zenu wapo, bebeni kikombe mwende mkawapime mikono. Msingoje bumu litoke, manila si ghali hivyo.

Mie narudi kwenye madesa, UE hazina huruma. Alamsiki!