Kilichobaki Baada ya Msumeno

Zipo fani ambazo mtu wa nje huziona upuuzi mtupu, na mwenyewe aliyezama ndani yake haoni taabu kukesha kwazo. Mojawapo ni ile ya kuichukua mashine kongwe ya michezo ya video, iliyoundwa ikae sebuleni na kuunganishwa na televisheni, na kuigeuza chombo cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye kioo chake na betri zake, kikachezwe popote. Fani hii ilianza kuvuma mwaka 2000, pale Benjamin Heckendorn, msanii wa michoro wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alipoitoa matumbo mashine ya Atari 2600 na kuyapanga upya ndani ya kisanduku cha kubebeka. Mwaka 2005 akachapisha kitabu cha kuwafundisha wengine, na wengi walioshika kazi hii baadaye ni wanafunzi wake, japo hawakupata kuonana naye.

Kampuni zenyewe zilikwisha kujaribu jambo hilo. Sega ilitoa Nomad mwaka 1995, mashine yake ya nyumbani iliyofinywa hadi ikaenea mkononi. Ilikula betri 6 kwa saa chache na haikudumu sokoni.

Msomaji atauliza: ya nini taabu yote hii, ilhali simu ya mkononi huweza kuiiga Atari nzima na nafasi ikabaki? Hapo ndipo penye kiini cha fani. Simu huiga tu; programu yake hujifanya mashine ya kale kama mwigizaji anavyojivika joho la mfalme. Fundi huyu hamtaki mwigizaji. Anamtaka mfalme mwenyewe, japo amekonda. Vipande vile vile vilivyotoka kiwandani miaka ya 1970 au 1980 ndivyo vitakavyofanya kazi ndani ya kisanduku kipya.

Na mfalme wa Atari alikuwa maskini wa mali. Alitoka mwaka 1977 akiwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu, na baiti moja huhifadhi herufi moja. Natuchukue ubeti wa tarbia: mishororo 4, kila mshororo mizani 16, jumla mizani 64, na kwa kuwa silabi ya Kiswahili aghalabu ni herufi mbili, ubeti mzima, bila ya nafasi baina ya maneno, huwa na herufi zipatazo 128. (Anayetaka na ahesabu, beti nyingine zitamwagika kidogo.) Hiyo ndiyo kumbukumbu yote ya mashine iliyouteka ulimwengu: ubeti mmoja, na ukishajaa hapana pa kutia hata nukta.

Kwa ufukara huo, Atari haikuweza kuiweka picha nzima mahali kabla ya kuionyesha. Iliichora mstari kwa mstari, mwali wa elektroni ukiwa tayari mbioni ndani ya televisheni ya chogo, na mtunzi wa programu alikuwa na mapigo 76 tu ya mashine kwa kila mstari. Akichelewa, mstari umepita. Anayewajua malenga wa kujibizana papo kwa papo, wanaotunga mshororo wa pili huku wa kwanza ungali kinywani, ataielewa kazi hiyo bila ya kufundishwa umeme.

Sasa, televisheni ya chogo haingii mfukoni. Hapana budi kioo kiwe bapa. Mafundi wa miaka ya 2000 walikipenda sana kioo cha inchi 5 kilichotengenezewa mashine ya PSone ya Sony. Wa leo wana vilivyo vyembamba zaidi. Picha hutoka safi, pengine safi kupita kiasi, kwani ule mng'ao uliotapakaa kingoni mwa rangi haupo tena. Na kuna hasara ambayo ustadi peke yake hauifidii: bunduki ya kuchezea ya Nintendo ya miaka ya 1980, ile ya kuwindia bata, iliutambua mwanga wa kioo cha chogo kwa wakati wake mahsusi. Mbele ya kioo bapa huwa kipofu. Bata wapo, mtutu upo, na risasi haimpati yeyote. Kila mfasiri anaujua utani wa aina hiyo, uliochekesha katika lugha moja na ukafa njiani kuelekea nyingine, hali maneno yake yote yamefika salama.

Umeme nao una hesabu zake. Atari ya asili hupokea volti 9 na kutumia 5. Zile 4 zilizozidi hugeuka joto. Sebuleni, ambako umeme ulitoka ukutani, hapakuwa na aliyejali. Kwenye betri, hiyo ni karibu nusu ya chakula kumwagwa chini, kwa hiyo fundi hukiondoa kipande kile na kutia cha kisasa kisichobadhiri.

Nintendo 64, ya mwaka 1996, ina funzo lake. Ndani ya tundu lake la kumbukumbu ya ziada hukaa kipande kidogo ambacho hakina kumbukumbu yoyote. Kazi yake ni kuufunga mzunguko tu. Fundi mgeni hukiona hakina faida, hukitupa, na mashine haiwaki. Silabi isiyoongeza maana, nayo ndiyo inayobeba mizani.

Khitilafu kubwa huja katika kukata kwenyewe. Ubao wa saketi wa Wii, mashine ya mwaka 2006, umekwisha kuchunguzwa na mafundi hadi wakajua ni wapi msumeno waweza kupita. Hukatwa ukabaki kipande kidogo chenye vichakato na kumbukumbu, kingo zikasuguliwa kwa msasa ili matabaka ya shaba yaliyolaliana ndani yasigusane, na michezo ikasomwa kutoka kwenye kijiti cha kumbukumbu badala ya santuri. Wapo wanaoiita kazi hii uharibifu. Kwa Wii hoja yao ni dhaifu: zaidi ya milioni 100 ziliuzwa, na zile zilizokufa chombo cha kusomea santuri zingeishia jaani. Kwa Atari wana haki zaidi. Kile kipande chake cha kuchorea picha hakitengenezwi tena, na kila kinachoungua chini ya pasi ya kulehemu kimetoweka. Fundi mwenye adabu huanza na mashine iliyokwisha kufa nusu, iliyovunjika gamba au iliyooza nyaya, na ile nzima akaiacha kabatini kwa mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita mbio. Mwaka 1977 Atari iliuzwa na vishikio viwili, pamoja na kaseti ya mchezo uitwao Combat, wenye aina 27 za mapambano ya vifaru na ndege, na hapana hata moja inayochezwa na mtu mmoja. Mashine ilizaliwa ikiwataka wawili mbele ya kioo. Chombo cha mkononi kimeumbwa kwa ajili ya mmoja, kwa macho mawili na vidole gumba viwili. Kwa hiyo baadhi ya mafundi, baada ya kubana kila kitu na kuulilia kila upenyo, huacha ubavuni nafasi ya tundu la pini 9, lile lile la zamani, linalokula mahali ambapo betri ingekaa. Kishikio cha pili huchomekwa hapo, na aliye jirani akasogea karibu, kichwa kwa kichwa, kwani kioo ni kidogo.