Paa la Motokaa ya Misioni

Huenda wengine mtashangaa kukuta habari za rangi na msasa katika gazeti hili. Lakini hapa Kindu motokaa ya misioni ndiyo inayowachukua wagonjwa wa njia ya Kalima mpaka hospitali, na paa likivuja mvua humnyeshea mgonjwa. Basi kazi hii haikuwa ya urembo.

Motokaa yetu ni Land Cruiser ile ndefu yenye viti vya ubavuni. Mwili wake ni wa chuma, lakini paa ni la nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu. Ukiligonga kwa kidole halilii kama bati. Watu wengi hupanda motokaa za namna hii miaka mingi pasipo kulijua jambo hilo, na fundi aliyezoea chuma hulitendea paa kama chuma.

Chuma huvumilia mengi. Nyuzi za kioo hazivumilii. Moto hulegeza rezini. Mashine ya jiwe hula rangi na kupita mara moja mpaka kwenye nyuzi, nazo zikikatika, nguvu ya paa imekwisha mahali pale. Tena kuna dawa kali za kuondolea rangi, zenye kloridi ya metileni, ambazo hazichagui: zikimaliza rangi huingia katika rezini yenyewe. Tuliwahi kuona paa lililopakwa dawa hiyo katika gereji moja. Lilikuwa limejaa malengelenge na kunata kama asali.

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliitaka dawa hiyo hata hivyo. “Mzee, itatumaliza kazi kwa siku moja.” Mzee fundi akamjibu, “Mwanangu, itakumaliza na wewe.” Hakutia chumvi. Mtu akivuta mvuke wake, mwilini hugeuka kuwa sumu ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa chumbani. Huko Marekani watu walikufa, na mwaka 2019 serikali ikakataza isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kuondoa rangi.

Tukachagua maji na msasa. Kwanza tuliosha paa kwa sabuni, maana msasa hausafishi mafuta, huyasukuma ndani. Rangi iliyokwisha kubanduka tuliinua kwa kipande cha plastiki tulichokata kutoka kidumu cha zamani. Kisha msasa uliofungwa juu ya kibao: namba 80 pale tu palipokuwa na rangi nene, halafu 180, mwisho 320, daima ukiwa umelowa. Mkono mwepesi hushinda mkono wenye haraka. Chini ya nyeupe ikatokea kijani, chini ya kijani rangi ya maziwa ya kiwanda. Hiyo ya kiwanda, pale iliposhika vizuri, tuliiacha. Kuikwangua mpaka nyuzi zionekane ni kujitafutia kazi.

Vumbi lake lilitutia wasiwasi kuliko yote. Vipande vya nyuzi huwasha ngozi na kuumiza kifua, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Kwa hiyo tulifunga pua, tulifua nguo zetu mbali na nguo za nyumbani, na matope tuliyafukia shimoni. Watoto wa katekisimu tuliwafukuza kila saa. Walitaka kuokota vibanzi vya kijani.

Siku ya nne, rangi ilipokwisha kando ya mfereji wa maji, tuliona ufa mrefu kama mkono, mahali paa linapokutana na chuma. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakiingia! Rangi mpya juu ya ya zamani ingeuficha tena. Tuliuziba kwa rezini na kitambaa cha nyuzi kilicholetwa kwa ndege kutoka Goma.

Kabla ya kuziba tulingoja juma zima, motokaa ikiwa chini ya mabati, kwani Kindu mvua haikawii, na maji yaliyobaki ndani huzaa malengelenge. Sasa paa limepakwa rangi ya chini ya kijivu. Kopo moja la nyeupe tunalo, la pili tunalingoja.