Historia, Dini na Maadili: Safari ya Mwanafunzi wa Changamwe

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana mmoja wa Magongo, Changamwe, hakuutambua ukweli wa methali hii hadi alipojiunga na chuo kikuu kusomea historia pamoja na theolojia na maadili. Jamaa zake walimshangaa. Katika mtaa ambao malori ya makontena huunguruma usiku na mchana, na mwenye bahati ni yule aliyepata kazi bandarini, mjomba wake alimwuliza kama wafu wa kale humlipa mtu mshahara. Kijana alicheka, lakini jibu hakuwa nalo.

Jibu lilianza kujitokeza aliposoma kisa cha Mombasa yenyewe. Sultani Hassan bin Ahmad aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na wafuasi wake, akamwua kapteni wa Kireno na kurejea katika Uislamu. Wakristo waliokataa kuikana imani yao waliuawa, Wareno kwa Waafrika.

Mhadhiri wa historia alimfundisha kutafuta sababu: damu ya baba na jeuri ya makapteni. Alimfundisha pia kuuliza ni nani aliyeandika. Maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango la ngome, yanayoutaja mwaka 1635, yanamwita Yusuf mfalme dhalimu. Yeye mwenyewe hakuachiwa jiwe la kujibia. Katika theolojia, waliouawa walikuwa wafiadini. Maadili nayo yaliuliza swali jingine: je, dhuluma aliyotendewa baba humpa mwana haki juu ya uhai wa asiye na hatia?

Majibu hayo yalimgombanisha na nafsi yake, kwa kuwa kisa kilifanana mno na kile alichokisikia nyumbani tangu utotoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakazigeukia nyumba za watu wa bara. Mama yake, mzaliwa wa bara, alikuwa akiishi huko. Alikimbia na kanga aliyoivaa, akaja kuanza upya Changamwe. Kijana alizaliwa miaka kadhaa baadaye, akarithi hasira asiyoijua ilikozaliwa.

Chuoni alisoma kuhusu malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi na ajira, na jinsi wanasiasa walivyoyachochea uchaguzi ulipokaribia. Aliogopa. Alidhani kwamba kuzielewa sababu ni kumsaliti mama yake. Maadili ndiyo yaliyomwokoa: kueleza sababu ya kosa si kumtolea mkosaji udhuru. Historia peke yake ingeweza kumzoesha kusamehe kwa niaba ya wengine. Theolojia peke yake ingemfanya amtukuze aliyekufa na kumsahau aliyebaki. Na maadili bila historia yangehukumu kesi yasiyoijua.

Wakati wa likizo aliketi na mama yake barazani, akamwuliza kama mwanahistoria anavyomwuliza shahidi, bila kumtilia maneno kinywani.

“Mama, usiku ule ulipita wapi?”

Mama alinyamaza kitambo. “Sikupita popote, mwanangu. Nilifichwa.”

Ndipo kwa mara ya kwanza aliposimulia habari za bibi mmoja Mdigo, jirani yake, aliyemwingiza chumbani mwake, akamvika buibui na kuketi mlangoni hadi alfajiri. Wavamizi walipouliza, alijibu kuwa ndani mna mwanawe mgonjwa.

“Mbona hukuwahi kuniambia?”

“Hukuwahi kuuliza. Ninyi nyote mliuliza nani alituchomea nyumba.”

Mwana hakuwa na neno. Miaka yote alikuwa na nusu ya kisa, na nusu hiyo ilikuwa kweli tupu. Lakini kweli nusu ndiyo iliyoilea hasira yake.

Jumamosi iliyofuata mama alijitanda kanga mpya, wakapanda matatu hadi kivukoni. Feri ilipong’oa nanga kuelekea Likoni, mama alianza kutaja majina ya majirani wa zamani mmoja mmoja, na mwanawe akatoa daftari, akayaandika.