Redio Imegoma, Tinti Yalaumiwa

Redio ya gari lako ikianza kukwaruza, usikimbilie kubandua tinti. Ikague antena kwanza. Ikiwa imesimama nje, juu ya paa, karatasi ya kioo itaizuiaje? Lakini yako ikiwa ni zile nyuzi nyembamba zilizo kwenye kioo cha nyuma, uliza umebandikiwa karatasi gani. Iliyotiwa rangi tu haina neno. Yenye chembechembe za metali ndiyo hufifisha mawimbi.

Jirani yangu wa Masimba, kule Kisii, aliagiza gari kutoka Japani, akalitia tinti, kisha akaikosa Egesa FM. Kwake hilo si jambo dogo, maana matangazo ya matanga kwa Ekegusii huyasikia akiwa safarini. Fundi akataka alipwe abandue karatasi yote. Nikamuuliza jirani: kabla ya tinti, je, ulikuwa ukiipata? Akanyamaza.

Redio nyingi za magari ya Japani hushika FM kuanzia megahazi 76 hadi 90, za karibuni hadi 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Iliyo juu ya kikomo hicho hutaisikia hata uvivunje vioo vyote! Dawa ni kifaa kidogo cha kushusha masafa, kinachounganishwa kwenye waya wa antena, au redio nyingine.

Nayo milima ya Gusii ina visa vyake. Mawimbi ya FM hayapindi sana; ukiteremka bondeni sauti hukatika, ukipanda mlima hurudi, tinti ikiwa pale pale.