Sindano na Sayansi

Watu wengi hudhani kuwa sindano na sayansi ni vitu viwili visivyojuana. Sindano hutiwa mkononi mwa msichana na kipimajoto mkononi mwa mvulana, kana kwamba ndivyo walivyoandikiwa tangu kuzaliwa. Nimefundisha sayansi kwa miaka kadhaa hapa Kisumu, wala sijaona ushahidi wa dhana hiyo. Nakuomba, msomaji, uyapime mwenyewe maneno yangu.

Katika soko la Kibuye mafundi wa cherehani hukata nguo kutwa, na vipande visivyofaa hubaki chini ya meza zao. Tuliviomba vipande hivyo, na wasichana wa darasa langu wakavishona wakapata mfarishi, yaani tabaka mbili za nguo zenye pamba katikati. Kazi hiyo ilidai hesabu. Vipande vikikutana mahali pamoja, sharti pembe zao zitimize digrii 360. Vipande vya pembe sita zilizo sawa, kila pembe digrii 120, hukutana vitatu bila kuacha mwanya. Vya pembe tano, kila pembe digrii 108, vikikutana vitatu huacha mwanya wa digrii 36. Wasichana walilijua jambo hili kwa mkasi kabla ya kulisoma kitabuni.

Mfarishi ulipokwisha, niliwauliza kama una joto. Karibu wote walijibu kuwa unalo. Tukatia kipimajoto ndani ya mfarishi mtupu, nacho kikaonyesha joto lile lile la chumba. Basi joto la mtu aliyejifunika hutoka wapi? Hutoka mwilini mwake mwenyewe. Hewa iliyonaswa ndani ya pamba haitembei, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana.

Hapo msichana mmoja, ambaye mama yake huuza samaki pwani ya Dunga, akasema kuwa kama ni hivyo, mfarishi utahifadhi barafu pia. Wenzake wakacheka: nani aliyepata kuifunika barafu blanketi? Tukatwaa mabonge mawili ya barafu yaliyo sawa. Moja tulilifunika kwa mfarishi, la pili tukaliacha wazi. Lile la wazi lilipokwisha kuwa maji, lile la mfarishi lilikuwa bado bonge. Kicheko kikakoma. Kwa mwuza samaki jambo hili si mchezo, maana katika joto la ziwani samaki asiye na barafu huharibika upesi, na faida ya siku ikageuka hasara.

Zingatia alilofanya msichana huyo. Alisikia sababu, akakisia matokeo, akakubali jaribio lihukumu. Hiyo ndiyo sayansi. Hata hivyo, wakati wa kuchagua masomo ulipokaribia, alitaka kuacha fizikia, kwa kuwa mtu aliyemwamini alimwambia kuwa ni somo la wanaume. Somo halikuwa limemshinda. Neno ndilo lililokuwa karibu kumshinda. Nashukuru kuwa alibaki nalo. Lakini ni wangapi walioondoka kimya kimya, na vipaji vyao vikapotea pamoja nao?

Mwaka 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hiyo. Elimu yake ilikuwa ya maumbile ya miili ya wanyama. Njia, basi, imekwisha kukanyagwa.

Ewe msichana, usiitupe sindano ili uonekane mwanasayansi, wala usiitupe sayansi ili uonekane msichana. Nawe mvulana, jifunze kushona. Uzi haumbagui mtu. Wala msinisadiki kwa sababu mimi ni mwalimu. Tafuteni vipande vya nguo na mabonge mawili ya barafu, mjaribu.