Limetembea Kiasi Gani?

Mtu akitaka kununua gari lililokwisha tumika, Tabora kama Unguja, baada ya bei swali lake la kwanza huwa hili: limetembea kiasi gani? Kiswahili kimelipa gari miguu. Na huko Unyanyembe swali hilo lina uzito wa peke yake, kwani ile ni nchi iliyofungamana na pwani kwa nyayo za watu muda mrefu kabla ya kujua gurudumu.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mji huo aliliuliza swali hilo chini ya mwembe, akiwa amekwisha kupata kiinua mgongo chake. Dalali, kijana wa umri wa wanawe, alimwamkia kwa adabu kisha akafungua mlango. "Hili bado bichi, mwalimu. Tazama mita mwenyewe: kilometa 72,000 tu."

"Nimeiona, mwanangu," alijibu mwalimu, akamwita fundi aliyekuja naye.

Fundi hakuitazama mita. Aliinama akapapasa mpira wa pedeli ya breki, akaukuta umelika mpaka chuma kinachungulia. Akapitisha kiganja juu ya usukani, nao ulikuwa umesuguliwa ukalainika. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa mlango, mahali anapopitia kila apandaye na kila ashukaye. Akainuka, akamtazama mwalimu, asiseme neno.

Hapana shaka mnunuzi ana haki ya kuhesabu kilometa. Kila mzunguko wa injini husaga chuma kidogo. Kila shimo la barabara huzila bushi na shokapu. Na injini nyingi zenye mkanda wa kuendeshea vali hutakiwa zibadilishwe mkanda huo zifikapo kilometa 100,000 hivi, kwani ukikatika njiani waweza kuiua injini nzima. Anayenunua gari hanunui safari lilizokwenda. Anunua zile zilizosalia. Ndiyo maana hesabu ikipanda, bei hushuka. Serikali nayo hulitoza gari kuukuu ushuru wa uchakavu, ila yenyewe huhesabu miaka, si mwendo.

Lakini kilometa si ndugu wa tumbo moja. Kilometa 1 ya lami iliyonyooka si sawa na kilometa 1 ya vumbi la kiangazi au tope la masika. Gari lililokwenda mbali likibadilishwa oili kwa wakati wake laweza kulishinda lililokwenda karibu na kutupwa. Hata kukaa tu si salama: mipira hukauka, matairi hukakamaa, betri hufa. Kwa hiyo tarakimu pekee ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nani aliliendesha, wapi, na kwa huruma gani.

Hesabu ya mwendo ni kongwe katika njia ile. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora misafara ilikwenda miezi, si siku. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, Novemba. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila 2 au karibu yake, yaani kilo 30 na ushei, naye hakuwa na mita ila sugu ya bega na ufa wa kisigino.

Katika njia hiyo mwendo uliongeza bei. Pembe iliyopatikana bara kwa nguo na shanga ilipanda thamani kila kambi ilipoachwa nyuma, mpaka ikafika Unguja, ikavuka bahari, na nyingine zikaishia Connecticut, Marekani, zikakatwa vibao vya piano. Wapo pia waliotembezwa wakiwa na minyororo shingoni. Bei yao nayo ilipanda kadiri walivyoikaribia bahari, ilhali wenyewe walikuwa wakipungua, kwa njaa, kwa maradhi na kwa wenzao walioachwa njiani. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, na hakuna daftari lililohifadhi mwendo wa kila mmoja wao.

Mnyamwezi aliyekwenda kwa hiari yake alikuwa na hesabu nyingine. Kijana asiyeiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajawa mwanamume kamili. Aliyekwisha kwenda na kurudi aliheshimiwa, na wenye misafara walimtafuta kwa sababu alikwisha kutembea. Bega lake lilichakaa, thamani yake ikakua, kwani alijua penye maji na alimjua mtemi wa kila nchi na hongo yake. Baada ya Livingstone kufariki mwaka huohuo wa 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo, wakapita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Kazi ya namna hiyo hapewi mtu ambaye bado ni mbichi.

Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na mabega yakapumzika. Miembe iliyopandwa enzi za misafara ikabaki, na chini ya miti ya aina hiyo watu wakaendelea kufanya biashara.

Mwalimu aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya darasani: "Mwanangu, limetembea kiasi gani?"

Kijana alitazama chini. Akasema kwamba yeye alilikuta hivyo, na kwamba mita zikirudishwa nyuma, magari huuzika upesi.

"Wewe hukulirudisha?"

"Sikulirudisha, mwalimu. Lakini nilijua."

Mwalimu alikaa kimya kitambo. Miguu yake yenyewe ilikuwa imezunguka shule za mkoa ule kwa baiskeli na kwa kutembea, na gari alilihitaji kweli. Mwisho alisema: "Chovu ningelinunua. Ningempa fundi alibadilishe mkanda, alivishe pedeli mpya, nikaliendesha polepole. Lakini hili limenyang'anywa safari zake. Sijui nilihurumie wapi."

Akashika njia pamoja na fundi, kwa miguu.

Anayerudisha mita nyuma hampunjii mnunuzi fedha tu. Huifuta kazi iliyofanyika, kana kwamba mwendo ni aibu. Chuma hakina kinywa cha kujitetea, ndiyo maana pedeli iliyolika huisemea. Binadamu anacho kinywa. Naye akiulizwa ametembea kiasi gani, asipunguze hata hatua moja.